Dhamiri ya Bwana Shebe

Mwaka wa ukame, tajiri Shebe alikizungushia ua kisima cha watu wote, akatia kufuli. Imamu alimsihi amwogope Mungu, majirani wakamwomba aisikilize dhamiri yake. Shebe akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Dhamiri? Mimi naamini ninachokiona. Nileteeni hiyo dhamiri niione, na ua nitaung'oa kwa mikono yangu."

"Ukiapa, nitakuletea mimi," alisema Bi Mwatime, msusi mwenye maneno mengi.

Shebe akaapa mbele ya wote, maana utani ulikuwa umemnogea.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Bi Mwatime alimsogelea mikono mitupu, akamnong'oneza sikioni: "Bwana Shebe, nimeshaambiwa ulichokifanya."

Jasho lilimtoka Shebe, akasahau kwamba hayo yalikuwa maneno ya kunong'onezana.

"Nani kakwambia? Kombo mwenye lile shamba, au yule mjane wa ng'ombe?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

"Hakuna aliyeniambia kitu, bwana wangu, wala sijui lolote," alisema Bi Mwatime, safari hii kwa sauti. "Lakini hiyo inayokutoa jasho ndiyo uliyotaka kuiona."

Ua uling'olewa kabla ya alasiri. Shebe aliporudi nyumbani, viganja vimejaa malengelenge, aliwakuta Kombo na yule mjane wamekaa barazani kwake, wanamsubiri.