Madoa Sita ya Mbirira

Samaki wa kijito cha Mkwasu anaitwa mbirira. Wageni humwita dagaa, na wanakosea, kwa kuwa dagaa ni wa ziwani na mbirira hajapata kuliona ziwa. Mkubwa wao hazidi kidole cha kati cha mtu mzima. Hapo kale alikuwa mweupe mwili mzima, na hakuna aliyejua kumvua kwa ndoana. Wakati wa kiangazi wanawake walimtega kwa migono. Masika yalipofika, maji yaliizoa migono hiyo, na watu wakakaa bila samaki mpaka mvua ikatike.

Masika moja Namkunde, mke wa mhunzi Senzota, alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa amekwisha kuzika wawili. Huyu wa tatu alizaliwa na nguvu, lakini maziwa ya mama yake hayakutoka. Makiondo, mama mzazi wa Namkunde, alisema kuwa dawa anayoijua ni moja tu, supu ya mbirira. Aliyasema hayo akiwa amegeukia ukuta, maana mkwe hatazamwi usoni.

Senzota aliingia kiwandani mwake akafua ndoana nyembamba kama ukope. Aliizungushia unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu mpaka ikafanana na nzi, akaifunga kwenye uzi wa singa za ng'ombe, na uzi akaufunga kwenye ufito. Kwa kuwa alizoea kufua mishale, aliitia ndoana jino, kama la mshale wa kuwindia pofu, ili kilichoingia kisitoke. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Mbirira walikuwa hawajui hila. Kila alipomtua nzi wake juu ya maji, mmoja aliruka. Namkunde akanywa supu, na siku ya tatu maziwa yakatoka. Mtoto akashiba, akalala.

Mbazi, kaka yake Namkunde, alikuja kumtazama shemeji yake akivua. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, jino lote hilo kwa samaki huyo? Unavua au unawinda nyati?"

"Cheka tu. Jioni usinijie na bakuli."

"Nitakuja nalo, tena na wanangu wote. Mwenye nyati hali peke yake!"

Senzota aliwachukua wakubwa. Wadogo aliwashika kwa viganja vikavu, akaivuta ndoana mpaka midomo ikararuka, kisha akawarudisha majini na kujiona mwenye huruma. Wadogo hao hawakufika mbali. Mwezi haujaisha, Makiondo aliwakuta kwenye mchanga wa chini ya maporomoko, matumbo juu. Kwa siku tano nzi wa mhunzi alielea bila kuguswa. Maziwa ya Namkunde yakapungua tena, na sauti ya mtoto ikawa nyembamba.

Siku ya sita mbirira mmoja akanasa. Alikuwa jike, na tumbo lake lilijaa mayai. Senzota alipoinua macho alimwona mama mkwe wake ng'ambo ya maji, amesimama na kibuyu, amempa mgongo.

"Mwambieni mwenye samaki," Makiondo aliyaambia mawe, "huyo ni supu ya siku moja. Na nyuma yake hakuna mwingine. Mjukuu wangu atakula siku moja tu?"

"Sasa mama, leo atanyonya nini?"

"Mke wa Mbazi ananyonyesha. Aombwe."

"Na akikataa?"

 Makiondo aliteka maji, akajitwika kibuyu, akapanda kilima.

 Senzota akapiga magoti, akailoweka mikono mpaka ikapoa, akamshika jike ndani ya maji. Jino lilikataa kutoka. Akalisukuma mbele mpaka likachungulia nje ya mdomo, akalibana kwa koleo lake dogo mpaka likalala. Ndoana ikateleza ikatoka. Vidole vyake vilikuwa na masizi yaliyochanganyika na mafuta ya kiwandani, ambayo maji hayayatoi. Alimshika ubavu mmoja kwa vidole vitatu, akamgeuza, akamshika na ubavu wa pili. Jike akatulia kidogo kivulini mwa jiwe, akaenda zake.

Mbazi alikuwa akichonga mpini Senzota alipofika kwake. Aliiona mikono mitupu, akafungua kinywa aseme neno la mzaha. Kisha akautazama uso wa shemeji yake, akakifunga.

"Mama Kihiyo!" alimwita mkewe. "Acha kupeta huko. Mtoto wa dada ana njaa."

Mtoto alinyonyeshwa katika nyumba hiyo miezi miwili. Mvua zilipokatika, kijito kilijaa mbirira wachanga, na kila mmoja alikuwa na madoa matatu meusi ubavu huu na matatu ubavu ule. Namkunde akanywa supu yao, maziwa yakarudi. Binti huyo aliishi mpaka akaitwa nyanya.

Na tangu siku hiyo, ndoana ya Mkwasu haina jino, mvuvi hulowesha mikono kabla ya kumgusa mbirira, na jike mwenye mayai hurudishwa. Mgeni akija na ndoana ya dukani, mwenyeji wake humkaribisha, huiomba kwa adabu, hulilaza jino lake kwa koleo na kumrudishia. Baada ya hapo ndipo humwonyesha njia ya kushukia mtoni.