Kilengeo cha Mbele na Mtamba wa Mzee Mtewele

Sogeeni karibu, na kila mmoja aje na hukumu yake, maana kisa hiki kimewashinda wenyewe waliohusika.

Katika kijiji cha Lwanginda, kule juu kwenye baridi, waliishi marafiki watatu. Ludoviko Mgaya alikuwa dereva wa lori, na kipaji chake kilikuwa kutafuta. Kitu walichokikatia tamaa wengine, yeye alirudi nacho. Kasiani Kihwele alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na vidole vyake viliweza kuhisi unene wa unywele. Fulgensia Nyagawa alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Mkono wake haukutetemeka hata akiwa na homa.

Bunduki ya kijiji ilikuwa mikononi mwa Fulgensia: ndogo, ya risasi nyembamba, ya kulindia mashamba. Siku moja ilianguka mwambani, na kilengeo cha mbele, kile kinundu kilicho kwenye ncha ya mtutu, kikakatika. Bunduki isiyo na kilengeo ni kipofu. Na mwaka ule kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia milimani. Mbuzi walikuwa wameshaumwa, watu wakaanza kuwafungia watoto ndani.

Marafiki wale wakaweka mikono juu ya mtutu, wakaapa kuitengeneza bunduki.

"Lawama ikija ni yetu watatu," alisema Ludoviko. "Sifa ikija ni yetu watatu."

"Yetu watatu," wakaitika wenzake.

Ludoviko akaenda kutafuta. Kilengeo cha bunduki ile kilikuwa hakitengenezwi tena, kwa hiyo akaulizia kila mji aliopita, mpaka akaelekezwa kwa muuzaji mmoja mbali na barabara yake. Akakunja kona, akaenda. Alipata kilengeo kipya, kilichotengenezwa na kiwanda kingine, chenye pete ya kuvishwa kwenye mtutu. Lakini mzigo wa tajiri wake ulichelewa, na aliporudi alinyang'anywa funguo za lori. Hakupewa tena.

Kasiani akakishika kile kilengeo, akatikisa kichwa. Pete ilikuwa pana, mtutu mwembamba. Kilicheza kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Akakereza bushi ya shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu, iingie katikati ya pete na mtutu. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikaa, imebana bila hata kupumua. Lakini wakati anaikereza, chembe ya shaba iliruka ikamwingia jichoni. Jicho lile halikuona tena sawasawa.

Fulgensia akaenda korongoni kuijaribu. Risasi zilikwenda kushoto. Akalegeza skrubu, akakisogeza kilengeo kushoto kidogo, akakaza. Risasi zikapiga chini. Akakisugua kilengeo juu kwa tupa, taratibu, mpaka zikatua alipotaka. Kisha ikaja siku yenyewe. Mbwa mwenye kichaa aliingia ghalani kwa Mzee Mtewele, na ndani alikuwamo binti yake, Vaileti, amepanda juu ya magunia. Fulgensia alisimama mlangoni. Mbwa akamwacha mtoto, akamgeukia yeye, mate yakimchuruzika. Fulgensia hakurudi nyuma. Alilenga, akafyatua, na mbwa akaanguka karibu na viatu vyake.

Kesho yake watu walikusanyika. Mzee Mtewele alileta mtamba mwekundu, mwenye mimba.

"Nimeapa mbele ya Mungu," alisema. "Huyu ni wa aliyemwokoa mwanangu. Ni nani?"

Kasiani, jicho likiwa limefungwa kitambaa, alikuwa ameanza kusogea mbele pamoja na Ludoviko.

"Ni mimi, mzee," alisema Fulgensia. "Mimi peke yangu."

Kasiani alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada," alisema Ludoviko, "na ule mkono tulioweka?"

"Mlikuwa wapi mbwa aliponitazama?" akajibu Fulgensia, bila kuwaangalia usoni. "Tuliweka ahadi ya sifa. Kifo nilikutana nacho mwenyewe."

Mzee Mtewele aliposikia ubishi ule, akaishikilia kamba ya mtamba. Akawaambia warudi baada ya kufikiri.

Kasiani na Ludoviko wakakubaliana kwenda kwake pamoja asubuhi, wadai haki ya wote watatu. Kasiani alipofika, alimkuta mzee ameduwaa.

"Mwenzako ametoka hapa sasa hivi," alisema Mzee Mtewele. "Ameniambia wewe karakana yako ipo, yeye hana kazi. Ameomba nimpe yeye tu."

Kasiani akageuka, akatoka. Fulgensia alimuumiza; Ludoviko alimmaliza. Akaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, bunduki ilikokuwa ikihifadhiwa, akalegeza skrubu na kuichomoa bushi yake. Kilengeo kikalala upande.

"Kasiani!" mlinzi wa ofisi alimaka. "Mbwa bado wanazurura!"

"Nachukua kilicho changu," alisema Kasiani. "Wao wameshachukua changu."

Basi bunduki ikawa kipofu tena, na wazazi wa Lwanginda wakarudi kuwafungia watoto ndani. Marafiki wale hawasalimiani. Mzee Mtewele amebaki na kiapo shingoni na mtamba anayekaribia kuzaa.

Mmoja alipoteza kazi, mmoja jicho, mmoja aliisogelea hatari. Toa mmoja, na Vaileti asingetoka ghalani. Lakini mmoja aliikana ahadi mbele ya watu, mmoja akaiuza kimyakimya, na mmoja akakiadhibu kijiji kizima kwa kosa la wawili.

Je, wewe uliyesikiliza, kamba ile ungeiweka mkononi mwa nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni uwaambie nini?