Picha ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Hapo zamani, si zamani ya mabibi bali zamani ya juzijuzi tu, Jumanne ya tarehe kumi na nne Januari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, msichana aitwaye Ndeshi aliketi juu ya jiwe katika kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, akatapika kwa mara ya nne.

Ndeshi alikuwa amesomea chuo kikuu jinsi barafu inavyoyeyuka. Safari hii aliipanga kwa miezi kumi na mmoja. Daftari lake lilikuwa na kila kipimo: urefu wa stendi ya chuma, upande ambao kamera ingetazama, hata idadi ya skrubu, kumi na sita na mbili za akiba. Alipima kila kitu ila kichwa chake mwenyewe, na sasa mlima ulikuwa umekikamata.

"Dada, wewe unashuka," alisema Sifaeli, mpagazi aliyebeba sanduku la kamera tangu geti la hifadhi. "Na sikuombi."

"Na kamera?"

"Kamera haitapiki. Itapanda na mimi."

Ndeshi akachana karatasi daftarini, akaandika: *Elekeza kwenye ukuta wa barafu, ufa mrefu uwe katikati. Picha moja kila nusu saa. Kuanza saa 1. Kumaliza saa 12.* Akaisoma mara tatu, hakuona kosa. Sifaeli akaisoma mara moja, naye hakuona kosa. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia, akapanda.

Basi kamera ikafungwa kule juu, ikaachwa peke yake na barafu. Haikuwa peke yake duniani. Wapima barafu wa nchi nyingi walikuwa wamefunga nyingine kama hiyo Grinlandi, Aislandi, Nepali na Peru, kila moja ikikodolea macho barafu yake, ikipiga picha, ikitulia, ikipiga tena. Picha zikiunganishwa, mwaka mzima unapita kwa dakika moja, na unaiona barafu ikirudi nyuma kama mtu anayefukuzwa. Wapima barafu hao walitoa ahadi: kamera itakayonasa barafu ikianguka, kipande kikiwa bado hewani, picha yake ndiyo itakayofungua filamu ya barafu zote za dunia. Na mwenye picha atapelekwa Grinlandi kufunga kamera mpya.

Ndeshi alikuwa ameomba kwenda Grinlandi mara tatu. Mara tatu alijibiwa asante, jaribu mwakani.

Masika yakaja, yakapita. Kipupwe kikaja, kikapita. Oktoba Sifaeli akapanda, akashuka na kadi ya picha ndani ya kopo la vidonge, kopo ndani ya soksi, soksi ndani ya shati. Jumapili saa tisa alasiri akaipeleka chumbani kwa Ndeshi, mjini Moshi. Nyuma yake aliingia mama wa makamo, Foibe, mpishi wa makundi ya watalii.

"Nimekuja kuangalia," alisema Foibe akivuta kigoda. "Nami nina kitu changu kule juu."

Ndeshi akafungua kompyuta. Picha ya kwanza: giza. Ya pili: giza. Ya tatu: giza. Ya nne, ya tano, ya sita: giza, giza, giza.

"Mlisahau kuvua kifuniko?" aliuliza Foibe.

Ndeshi akasoma saa iliyoandikwa chini ya picha. "Sifa, uliiwekea saa ngapi?"

"Moja mpaka kumi na mbili. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Saa moja asubuhi! Kamera inaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa moja yake kwetu ni saa saba ya usiku!"

"Aisee! Sasa mimi ningejuaje kwamba kamera haijui saa?"

"Ungeuliza!"

"Ningemuuliza nani? Wewe ulikuwa unatapika! Karatasi ni yako, kosa ni lako."

"Kidole kilichobonyeza ni chako, kosa ni lako!"

Miezi tisa, kila siku, kamera iliamka saa saba usiku kama mlinzi, na saa sita mchana ikalala. Picha kumi za giza, picha kumi na tatu za mwanga, na alasiri zote zimepotea. Ndeshi akafunika uso kwa viganja.

"Endelea, mwanangu," alisema Foibe. "Mbona sijaona changu?"

Akaendelea. Februari, Machi, Aprili. Tarehe kumi na moja Juni picha zikakatika. Tarehe kumi na tatu zikarudi, na pembeni mwa kila picha kilipepea kitu chekundu chenye maua meupe.

"Hiki ni nini?" Ndeshi alikaribia kulia.

"Khanga yangu," alisema Foibe, uso umemchanua. "Kundi letu lililala kule juu. Sifa aliniambia kitaa chekundu huwaka kila ikipiga. Nikakitazama saa nzima, hakiwaki. Betri imeganda kama jiwe. Nikaitoa, nikaiweka kifuani ndani ya sweta, nikapika nayo uji, nikaosha nayo vyombo. Ilipopata joto nikairudisha, nikaifunga kamera khanga. Kitaa, pwa!"

"Uligusa kamera bila ruhusa?"

"Maiti haiombwi ruhusa."

Ndeshi akabonyeza tena. Julai. Agosti. Septemba tarehe tisa. Saa kumi na moja na nusu: giza. Saa kumi na mbili alfajiri: mwanga wa kwanza, na ule ufa mrefu umepanuka. Saa kumi na mbili na nusu...

Ndeshi akabonyeza.

Kipande cha barafu, kirefu kama ghorofa tatu, kilikuwa hewani. Kimeachana na ukuta, hakijagusa chini. Tumbo lake lilikuwa buluu, buluu ambayo Ndeshi hakuwahi kuiona popote, na unga mweupe ukikizunguka kama vumbi la sembe. Pembeni, khanga nyekundu ilipepea.

Foibe akapiga yowe. Sifaeli akaruka, akagonga kichwa kwenye rafu, akacheka huku akikishika. Ndeshi akamkumbatia Foibe, akamkumbatia Sifaeli, akaikumbatia kompyuta.

"Fungua inayofuata!"

Saa moja kamili: kifusi tu.

Wakatazamana. Kamera ingewekewa saa sawasawa, ingefumbua jicho kwenye kifusi hicho.

Ndeshi akafungua fomu ya wapima barafu. Mwisho wa kupokea: kesho, saa nne asubuhi. Jina la mwenye picha: moja tu.

"Andika Sifaeli," alisema Sifaeli upesi. "Miaka kumi na tisa nawapandisha wageni kutazama barafu, mimi natazama visigino vyao. Hii nimeipandisha mimi, nimeifunga mimi. Na zile saa nimeziweka mimi. Toa kosa langu, uone kama unabaki na picha."

"Kosa lako?" Ndeshi aliruka. "Si ulisema karatasi ni yangu, kosa ni langu?"

"Nawe si ulisema kidole ni changu?"

"Karatasi ni yangu! Na ukuta ule niliuchagua mimi, kati ya kuta zote za mlima. Nilijua ule ufa utaachia. Toa hesabu zangu, kamera ingetazama mawe."

"Gombanieni kosa lenu," alisema Foibe, akijifunga mtandio kiunoni. "Mimi sikukosea. Toa kifua changu, mngekuwa na picha za mpaka Juni, halafu kwaherini. Nimepika kwenye baridi ile maisha yangu yote, na kila mwaka barafu naikuta mbali zaidi na sufuria yangu. Nataka kuiona kule ilikobaki nyingi."

"Mae, mama yangu, khanga yako imeingia kwenye picha ya kisayansi!" alisema Ndeshi.

"Ndiyo sahihi yangu. Ninyi zenu ziko wapi?"

Hakuna aliyemshinda mwenzake. Jua lilipoanza kuzama Foibe akainuka. "Fomu iko mikononi mwako, mwanangu. Andika. Lakini ujue kesho tutakuuliza uso kwa uso."

Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Ndeshi alijaza fomu. Kwenye saa ya picha aliandika *saa kumi na mbili na nusu alfajiri*, na kando yake, kwa hesabu ya kamera, *06:30*. Akaisoma mara tatu. Kisha akaandika jina moja, akatuma, akapanda pikipiki mpaka getini, ambako Sifaeli na Foibe walikuwa wakipimiwa mizigo ya kundi jipya. Akawaambia lile jina.

Mmoja wa wale watatu akapiga yowe la furaha mpaka askari wa geti akatoka mbio. Wawili wakatazama mizani.

Haya, ninyi mliosikiliza mpaka hapa: aliyepiga yowe ni nani? Na je, ndiye aliyestahili?