Wiki ya Ishirini na Tisa

Wahenga hawakumkataza mtu kutamani msala mpya. Kutamani ni haki ya kila mwenye macho. Walichokataza ni kuukunja mbachao wako, ule mkeka uliochakaa kingo lakini unaoujua mgongo wako, ukampa mpita njia kabla hujauliza msala wake unaelekea wapi. Bi Marlys Tollefson wa jimbo la Minnesota, Marekani, angeambiwa maneno hayo mwezi wa Januari, angecheka. Alikuwa mwanamke wa mipango. Alipika chakula cha mchana cha shule nzima kwa miaka thelathini na mmoja bila kuunguza sufuria hata moja, na watu wa namna hiyo hawaambiliki.

Mbachao wake ulikuwa wiki. Si nyumba, wiki. Yeye na mumewe, Duane, waliinunua mwana wao Brent alipokuwa angali anatambaa. Kila mwaka, wiki ya ishirini na tisa, katikati ya Julai, kijumba namba saba kando ya Ziwa Halvor kilikuwa chao. Wiki zilizobaki kilikuwa cha watu wengine walionunua zao. Mlango wake wa wavu ulikwama. Jiko lilikuwa na mafiga mawili ya umeme na moja halikuwaka. Godoro la chumba cha pili lilikuwa na bonde katikati, na kila aliyelala juu yake alibingirika mpaka kwa mwenzake.

Lakini kwenye mwimo wa mlango wa jikoni palikuwa na alama za penseli. Kila Jumamosi ya kufika, kabla mizigo haijashushwa, wajukuu wake wawili, Wyatt na Josie, walivua viatu wakasimama pale wima. Marlys aliwawekea kitabu cha mapishi kichwani, akachora mstari, akaandika jina na mwaka. Mwaka ule vijumba vilipopakwa rangi, Duane alimhonga fundi samaki watatu ili auruke mwimo huo.

Basi Krismasi ikaja, na Brent akapiga simu kutoka Tennessee, kwao mkewe, walikohamia mwaka uliotangulia.

"Mama, kiangazi kijacho ndicho cha mwisho kwa Wyatt. Akishatimiza miaka kumi na tatu, Julai yote ni kambi ya besiboli. Kocha hataki mchezo."

Neno "mwisho" lilimwingia Marlys kama mwiba. Tena mwiba huo ukamkuta na kidonda cha zamani, kidonda kiitwacho Loretta Pruitt. Loretta alikuwa mama yake mke wa Brent. Aliishi dakika kumi tu kutoka kwa wajukuu. Naye alikuwa na wiki yake, ila ya Florida, kwenye hoteli iliyopo langoni mwa bustani kubwa ya burudani, penye mabwawa ya kuserereka na majoka ya chuma yanayopindua watu miguu juu. Kila Loretta alipowapeleka watoto huko, alimtumia Marlys picha. Hakukusudia ubaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Kama ni kiangazi cha mwisho, mtoto ataondoka na nini kichwani?" Marlys alimwuliza mumewe. "Jiko la figa moja?"

"Ataondoka na samaki," alisema Duane.

"Samaki! Mwenzio anawapandisha joka la chuma, wewe unaniambia samaki!"

"Mama Brent, joka la chuma haliliki."

Hakusikilizwa. Siku ya tatu ya Januari, Marlys aliikabidhi wiki ya ishirini na tisa kwa kampuni ya kubadilishana wiki. Utaratibu wake ni huu: unatia yako kapuni kwanza, halafu unasubiri mashine ikutafutie ya mwingine. Ukishaitia, ya mwaka huo hairudi. Baada ya siku mbili akapata ujumbe kwamba wiki yake imechukuliwa. Marlys alivimba kichwa.

"Umeona? Julai, ziwani! Wameigombea. Sisi tutapata chochote tutakacho."

Siku hiyohiyo akaagiza fulana sita za manjano, zilizoandikwa kifuani KIKOSI CHA TOLLEFSON, kwa kuwa huendi kwenye bustani ile na familia yako bila kufanana mavazi. Fulana zilifika upesi. Wiki haikufika. Februari kimya. Machi akaletewa chumba kimoja cha kulala watu wawili. Aprili akaletewa mahali palipokuwa mbali na bustani hata ungehitaji kuamka na jogoo. Alivikataa vyote. Kila alipopiga simu kampuni, alichezewa filimbi, na sauti laini ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao.

"Kama ni muhimu, mbona hamuipokei?" Marlys aliiuliza filimbi. Filimbi ikaendelea.

Mwezi wa Mei, hatimaye, mashine ilitapika kitu cha maana. Vyumba viwili, langoni kabisa, wiki ya thelathini na tatu, katikati ya Agosti. Alipewa saa ishirini na nne za kukubali. Akampigia Brent, lakini Brent ni fundi wa ndege na simu yake hushinda kabatini. Akaacha ujumbe mara tatu.

"Subiri akupigie," alisema Duane.

"Saa ishirini na nne, Duane! Zikipita zimepita. Nimengoja tangu theluji iko magotini, halafu wewe unaniambia nisubiri?"

Ilipobaki saa moja, akabonyeza.

Sasa, huko Minnesota hakuna mtoto anayeingia darasani Agosti. Shule husubiri mpaka maonyesho makubwa ya jimbo yaishe: kwanza ndama na viazi vya kukaanga, kalamu baadaye. Ndivyo ilivyokuwa tangu Marlys mwenyewe akiwa na meno ya utoto, na ndivyo alivyopika kwa miaka thelathini na mmoja. Haikumpitia akilini kwamba kuna mahali duniani mambo huwa vinginevyo.

Brent alipiga simu kesho yake. "Mama, nimepata ujumbe wako. Lakini shule huku zinafunguliwa tarehe nne Agosti."

"Agosti? Mtoto gani anasoma Agosti?"

"Wa Tennessee, Mama. Wote."

Marlys alikaa kitini kwa kishindo. Alipiga simu kampuni: wiki ikishakubaliwa haibadilishwi. Akapiga simu ziwani kuomba kijumba namba saba: kina mtu, mama. Namba sita? Kina mtu. Julai yote? Imejaa, mama, ungewahi. Ungewahi! Mtu aliyekuwa nayo mkononi kwa miaka zaidi ya thelathini, leo anaambiwa angewahi! Alikata simu, akaenda kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Julai ikaingia. Jumatano ya wiki ya ishirini na tisa alikuwa barazani akimenya njegere huku akimkaripia Duane kwa kosa la kupiga mluzi. Simu ya picha ikalia. Alikuwa Josie, nywele zimelowa, pua imebabuka kwa jua.

"Bibi! Bahatisha niko wapi!"

Marlys hakuhitaji kubahatisha. Nyuma ya mtoto palikuwa na mlango wa wavu, umekwama nusu, kama kawaida yake. Mara uso wa Loretta ukajaa kioo chote.

"Mkwe wangu mpenzi! Siri imefichuka! Hawa watoto wamenichosha masikio, ziwa, ziwa, ziwa. Nawapeleka kwenye bembea, ziwa. Nawanunulia aiskrimu, eti ya ziwani ndiyo tamu. Nikasema basi, na mimi nilione hilo ziwa. Natafuta Januari, namba saba hii hapa! Sikumwambia hata Brent ni wapi. Nikajua nyinyi mmepata kitu kikubwa zaidi. Mmepata nini?"

"Florida," alisema Marlys. "Pale langoni kwenu. Vyumba viwili, wiki ya thelathini na tatu."

Loretta aliisogeza simu karibu na uso. "Wiki ya thelathini na tatu? Ghorofa ya nne, upande wa bwawa?"

"Ndiyo."

"Ewe Mola! Mkwe, hiyo si yangu? Ndiyo niliyotoa kapuni! Nani ataitaka Agosti, watoto wakiwa shule?"

Duane alikohoa, akageuka kutazama bustani ya nyanya. Mabega yake yalitikisika, na Marlys alijua fika kwamba si kikohozi.

"Lakini usijali," Loretta aliendelea, "mambo yenu yote tumeyafuata. Wameniambia habari ya kupimwa. Nimewapima. Tazama Wyatt alivyorefuka!"

Simu ikageuzwa. Mwimo ukaonekana, na ngazi ya mistari ya penseli tangu mtoto alipoanza kusimama, yote kwa herufi za Marlys, nyembamba na zilizonyooka. Juu kabisa palikuwa na mstari mwingine. Ulikuwa wa kalamu ya wino wa buluu, na herufi zake zilikuwa nene, za mviringo. Za mkono mwingine.

"Sikukuta kitabu," alisema Loretta. "Nimetumia boksi la biskuti."

Iliuma. Hakuna haja ya kuzunguka, iliuma kuliko alivyotazamia kitu cha ukutani kumuuma. Alitaka kumtukana Loretta na hakupata tusi, kwa kuwa Loretta hakumwibia chochote. Alikiokota kilichotupwa. Halafu Wyatt akaichukua simu, sauti yake imeanza kukwaruza, akauliza polepole, "Bibi, mbona hukuja?"

"Nilidhani utapenda joka la chuma zaidi, mwanangu."

"Joka nimepanda mara sita," alisema Wyatt. "Nilikutunzia zamu yangu ya kupimwa mpaka jana. Nilidhani umechelewa tu."

Marlys alisema mtandao unakatika, ingawa haukuwa unakatika.

Agosti walikwenda, wawili. Duane alisema kitu kilicholipiwa hakitupwi, na isitoshe hajawahi kuona joka la chuma. Walivaa fulana za manjano. Walisimama kwenye foleni juani kwa dakika tisini na tano ili wazungushwe ndani ya kikombe kikubwa kwa dakika mbili. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao, naye na kikosi chake cha watu kumi na wanne waliovaa zambarau, akawasoma vifuani.

"Kikosi kilichobaki kiko wapi?" aliuliza kwa uchangamfu.

"Darasani," alijibu Duane.

Asubuhi ya nne waliitwa kwenye kifungua kinywa cha bure, na kila mwenye wiki anajua kwamba cha bure pale huliwa na muuzaji ameketi ubavuni. Wao walipata kijana mwenye meno meupe na karatasi nyingi.

"Mama, nimeona hapa mna kijumba ziwani," alianza. "Kizuri, lakini tuseme ukweli, ni cha zamani. Wageni wameandika mlango unakwama, jiko bovu. Tuachieni sisi wiki yenu moja kwa moja, tuwape pointi. Kwa pointi mnakwenda popote duniani, wakati wowote mnaotaka."

Duane aliweka uma chini. Marlys aliitazama picha ya kijumba kwenye karatasi mojawapo, mlango wake wa wavu mdogo kama kucha.

"Popote?"

"Popote, mama."

"Na wakati wowote?"

"Wakati wowote! Wewe sema tu."

"Basi nipeleke Julai iliyopita," alisema Marlys. "Kijumba namba saba, Jumamosi, kabla mizigo haijashushwa."

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wa yule mama na meno yake yakarudi ndani. Marlys aliusukuma mkataba urudi upande wa kijana, akainuka, akamshika Duane mkono. Kule chumbani, ndani ya sanduku, fulana nne za manjano zilikuwa bado zimekunjwa na kufungwa kama zilivyotoka dukani, na ile ya Wyatt, aliyekuwa amerefuka kiasi cha kupimwa na mkono wa mwingine, kiangazi kingine isingemtosha tena. Ndiyo maana wahenga walionya mapema, kwa kuwa baadaye huwa hakuna wa kumwonya: usiache mbachao kwa msala upitao.