Shingo ya Riziki

Mtu mmoja, jina lake Ambakisye, alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Alimwita Riziki, naye alikuwa mweupe kama ukungu ushukao asubuhi juu ya migomba. Binti yake wa pekee, Lugano, alikunywa maziwa ya ng'ombe huyo mabichi, yakiwa bado na povu na joto la kiwele.

Ikawa bwana mifugo akavuka mto, akamchoma Riziki sindano ndogo ya kupima ugonjwa shingoni. Akasema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hupita ndani ya maziwa, na kwamba siku ya tatu atarudi kuishika shingo ile kwa vidole vyake mwenyewe. Ikiwa imevimba, Riziki atachinjwa. Ambakisye akazipita siku zile kama mtu aotaye, akitembea asiisikie ardhi.

Siku ya tatu mto ulikuwa umejaa. Bwana mifugo akasimama ng'ambo, nusu mtu, nusu kivuli, wala hakutaka kuzunguka hadi darajani. Akapaza sauti: "Mzee Ambakisye, hebu nishikie wewe! Shingo ikoje?"

Ambakisye akaweka kiganja. Chini ya manyoya palikuwa na uvimbe mgumu, wenye moto, mkubwa kama yai la kanga. Riziki akamlamba mkono.

"Laini kama ya bibi harusi!" akajibu.

Yule wa ng'ambo akacheka, akaandika kwamba ng'ombe ni mzima, akageuka. Ukungu ukamfunika.

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Maziwa hayakukoma, wala utamu wake haukupungua. Kisha asubuhi moja Lugano akalalamika kwamba kola ya gauni inambana. Baba yake akapeleka vidole chini ya taya lake, na vidole vikakuta uvimbe. Akaketi chini.

Ndugu zangu, msimhukumu upesi. Alipenda, na mwenye kupenda aliachiwa apime kile anachoogopa kukipoteza. Naye aliyetumwa, mwenye elimu na vidole vilivyofundishwa, aliogopa mwendo wa saa moja. Itakapofika siku ya kuulizwa, uhai wa Lugano utatakwa mkononi mwa nani: mwa yeye aliyeshika akasema uongo, au mwa yule aliyepaswa kushika, akabaki ng'ambo na viatu vikavu?