Nafasi Moja Kwenye Kigoda cha Ludengwa

Kaeni vizuri. Mwenye njaa ale kwanza, maana hadithi hii imejaa watu waliokaa na njaa mbele ya sufuria zilizojaa. Na msisinzie: mwishoni nitauliza swali, na atakayejibu "sijui" ataosha vyombo.

Kule nyanda za juu, ambako Julai watu hulala na soksi, palikuwa na chuo kidogo cha ualimu kiitwacho Ludengwa. Kocha wa timu yake ya mpira alikuwa mwalimu wa hesabu, na daktari wa timu alikuwa mpishi mwenye chupa ya spiriti. Timu yenyewe haikuwa ya kumtisha mtu. Lakini waliosoma pale walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakujua kuacha. Walihitimu, wakapangiwa shule za mbali, wakazaa, wakastaafu, na bado mechi ya Ludengwa ikitangazwa walifika na vitambaa vya kijani shingoni. Wakifungwa walilia, wakifunga walilia.

Miongoni mwao walikuwamo watatu waliosoma darasa moja, na kila mmoja alikuwa na alichojaliwa na alichonyimwa.

Desderi Mhagama alijaliwa macho. Hakutazama mpira kama mimi na wewe, tunaoufuata unakokwenda. Yeye alitazama watu. Alikwenda hata kwenye mechi za vyuo vingine, peke yake, akakaa kimya akiisoma miguu ya vijana ambao siku moja wangecheza na Ludengwa. Alichonyimwa ni sauti. Ugonjwa wa koo ulimwachia mnong'ono tu, na ili umsikie ilibidi umtegee sikio mdomoni.

Hidaya Mtepa alijaliwa koo. Alipokuwa mwalimu wa zamu, shule yake haikuhitaji kengele. Alichonyimwa ni macho. Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, na hata akiivaa, goli likiingia alishangilia kwanza halafu akauliza, "Tumefunga au tumefungwa?"

Tusekile Mwakalinga, ambaye ndiye tutakayekaa naye karibu zaidi, alijaliwa subira ya kufundisha. Wachezaji wa siku hizi waliimba za redioni. Yeye kila Jumamosi alikwenda chuoni kuwafundisha nyimbo za zamani za Ludengwa. Wao wakicheka, yeye akirudia. Alichonyimwa ni moyo mgumu. Penati ikipigwa, iwe yetu au yao, aligeuka akatazama kwingine. Katika ushabiki wake wote hakuwahi kuona penati hata moja.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo mtego wenyewe.

Ludengwa ikitwaa kombe la vyuo, kombe halikukaa ofisini kwa mkuu. Lililala mwaka mzima nyumbani kwa shabiki ambaye bila yeye ushindi usingepatikana. Lilisimama juu ya kigoda cha mninga, na jina la shabiki huyo lilichongwa kwenye kigoda. Kombe huja na kuondoka, lakini kigoda ni cha Ludengwa daima. Aliyekuwa nacho ndiye aliyemtaja wa kumfuata. Jumapili baada ya fainali watu walikusanyika kwake, wakapika, na hakuna aliyeonja hata punje kabla jina halijatajwa mlangoni.

Je, mwenye kigoda aweza kujitaja mwenyewe? Hilo hawakuliwekea sheria. Ya nini? Ludengwa haikuwahi kutwaa kombe miaka miwili mfululizo, na hakuna mtu, hata mwenye mapenzi kiasi gani, aliyewahi kuota kwamba itatokea.

Mwaka uliopita kombe lilikwenda kwa Tusekile, muda mfupi baada ya kumzika mumewe. Mwalimu Kilasi, mzee aliyekuwa na kigoda wakati ule na ambaye sasa ni marehemu, alimtaja mlangoni, akasema ni kwa sababu alishona namba kwenye jezi za timu. Tusekile aliliweka kombe sebuleni, akalifuta kila Ijumaa, akalisalimia kila alipoingia. Nyumba iliyokuwa imekufa ganzi ikapata wa kuongea naye. Alijivuna, na kwa nini asijivune? Jina lake lilikuwa kwenye mninga.

Na mwaka huu Ludengwa ikafika fainali tena. Ila wakubwa walikuwa wameshaamua chuo kiunganishwe na chuo kikubwa cha mkoani, na jina la Ludengwa life. Kibao cha barabarani kilikuwa kimeshang'olewa. Waandaaji wa mashindano nao wakatangaza kwamba atakayelitwaa kombe safari hii asilirudishe, kwani mwakani wanaleta jipya. Kwa hiyo atakayelilaza atalilaza maisha. Na kwenye kigoda, ukikizungusha na kuyasoma majina yote, ilikuwa imebaki nafasi ya jina moja tu.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa wapinzani, Chuo cha Kilimo Igawanya. Ludengwa walitangulia kwa bao moja, wakalilinda kwa meno. Dakika za mwisho beki wao akaunawa mpira ndani ya boksi. Penati. Mpigaji alikuwa Onesmo, nahodha wa Igawanya, kijana mwenye shuti la kupasua mbao.

Desderi akatazama miguu. Alikuwa amemwona Onesmo akipiga penati kwenye mechi ambazo hakuna mwana-Ludengwa mwingine aliyejisumbua kwenda. Alijua jambo ambalo pengine Onesmo mwenyewe hakulijua: akipandisha soksi kabla ya kupiga, mpira huenda kulia kwa kipa; asipoigusa, huenda kushoto. Onesmo akauweka mpira, akarudi nyuma, akainama, akapandisha soksi. Desderi akamvuta Hidaya mtandio na kumnong'oneza, "Jiko!"

Hidaya hakuuliza kwa nini. Hakuiona soksi, hakumwona mpigaji, na goli lenyewe aliliona kama chandarua kilichoanikwa. Alijaza mapafu, akazipasua kelele za uwanja mzima: "Leteni kuni, jiko limelala! Leteni kuni, jiko limelala!" Watu wa Igawanya wakaangua kicheko. Mama mzima anadai kuni kwenye fainali!

Erasto, kipa wa Ludengwa, hakucheka, na hapa ndipo ilipo kazi ya Tusekile. Chuoni kwao, kipa akisimama kwenye goli la upande wa mabweni, jiko la chuo liko mkono wake wa kulia na bomba la maji liko kushoto. Wanafunzi wa zamani walitunga nyimbo mbili za kumwonya kipa bila adui kujua. Wa kuni ulisema hatari iko kulia, wa maji ulisema hatari iko kushoto. Nyimbo hizo zilikuwa zimeshakufa. Tusekile ndiye aliyezifufua, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi Erasto akisikia "kuni" mwili ukageuka kabla kichwa hakijafikiri. Akaruka kulia. Mpira ukamkuta huko, akaudaka, akaulalia, na filimbi ya mwisho ikapulizwa akiwa bado ameukumbatia.

Tusekile wakati huo alikuwa ameupa uwanja kisogo, akitazama ng'ombe wa chuo cha kilimo. Alijua wameshinda pale Hidaya alipomrukia shingoni akiuliza, "Amedaka? Jamani, amedaka kweli?"

Basi ikafika Jumapili. Uani kwa Tusekile masufuria ya pilau yalifunikwa, mbuzi ameshachomwa, vitambaa vya kijani vimejaa mikekani. Fundi wa kuchonga aliketi karibu na mlango na patasi yake mapajani. Ndani sebuleni walikuwamo watatu tu, pamoja na kombe, na kigoda. Nyumba ina mlango mmoja, na nje ya mlango huo ni watu.

Tusekile aliamka asubuhi akidhani kazi yake ni kuchagua kati ya wawili. Jina lake lilikuwepo tayari, la nini tena? Hata hivyo, wawili tu walitosha kumkausha mate.

"Kaka Desderi," alisema, "anza wewe."

Desderi akasogea. "Mwalimu, mimi sikuja kuomba," alinong'ona. "Ila tangu tukiwa vijana natembea na timu hii. Mechi za mvua, mechi za kufungwa sita. Sijawahi kuitwa mlangoni hata mara moja. Na safari hii, bila macho yangu, Hidaya angeimba nini?"

"Angekaa kimya," alisema Hidaya. "Na bila koo langu, siri yako ungemnong'oneza nani? Ng'ombe?"

"Nimesema bila wewe ingewezekana?"

"Nami nimesema bila wewe ingewezekana? Basi tuko sawa. Tuseke, amua."

Tusekile akajaribu kuchomoka. "Tuchonge herufi za mwanzo za majina yenu, kila mmoja na yake. Na kombe lilale kwa zamu."

Alimwita fundi dirishani. Fundi akakipima kigoda kwa dole gumba, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kila aliyetangulia ameandikwa jina kamili. Ukiniambia nichonge herufi, wajukuu watauliza ni chama gani hicho."

"Na zamu sitaki," alinong'ona Desderi. "Hili siyo mbuzi wa ubia."

Nje mtu akapiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, na watu wakacheka. Tusekile akatazama mlango. Alitamani angekuwa na dirisha la kumtosha.

"Dada Hidaya," alisema taratibu, "ukiniuliza mimi, Desderi hajawahi kutajwa. Kwa hiyo wewe..."

"Na mimi nimewahi kutajwa lini?" Sauti ya Hidaya ilipanda, na uani pakanyamaza. Akaishusha haraka, lakini maneno yalikuwa yameshaanza safari. "Shoga yangu, sikutaka kulisema hili. Mwaka jana jina lilikuwa langu. Mwalimu Kilasi aliniita pembeni, akaniambia jiandae. Nikamwambia, mpe Tuseke, ametoka kuzika, nyumba itammeza. Akasema, tutawaambia watu ni kwa kazi gani? Nikamwambia, sema alishona namba."

Desderi akainamisha kichwa, na Tusekile akajua kwamba hata yeye alikuwa akijua.

Akaligeukia kombe. Lilikuwa linang'aa vilevile kama Ijumaa alipolifuta. Aliona aibu, aibu ya kuunguza masikio. Mwaka mzima amekuwa akijivunia sadaka. Kila aliyekuja akalisoma jina lake kwenye mninga na kumpongeza, alipongeza msiba wake.

Kisha chini ya aibu ile akakuta kitu kingine, nacho kilimtisha zaidi. Alilitaka. Alilitaka kombe safari hii kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu mumewe afe, kwa sababu safari hii alikuwa amelistahili. Zile Jumamosi zote, vijana wakicheka, baridi ikimpenya miguuni, nani alikwenda? Kama Erasto asingeujua wimbo, macho ya Desderi na koo la Hidaya yangezaa kelele tu. Na sheria haikumkataza.

"Unafikiri nini?" aliuliza Hidaya, ambaye hata kwa miwani ile alikuwa ameuona uso wake.

"Nafikiri," alisema Tusekile, "kwamba bila mimi vilevile isingewezekana."

Desderi akanyanyua kichwa. "Wewe hata hukuangalia!"

"Ndiyo. Sikuangalia. Na Hidaya hakuona, na wewe hukusikika. Nani kati yetu alikuwa mzima siku ile?"

Hidaya akavua miwani yake.

Sasa mwangalieni Tusekile alivyobanwa, kama panya ndani ya debe. Akimtaja Hidaya, watu watapiga makofi, lakini yeye atajua amelipa deni la mwaka jana kwa jasho la mwaka huu, na Desderi atakuwa ameponzwa na wema ambao hakutendewa yeye. Akimtaja Desderi, mtu pekee aliyemhurumia alipokuwa hana kitu atatoka mikono mitupu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mwakani. Akijitaja mwenyewe, atakuwa amesema ukweli wake, na jina lake litakaa mara mbili kwenye kigoda, moja la huruma na moja la haki, na hakuna atakayejua lipi ni lipi isipokuwa marafiki wawili ambao hawatakuja tena kumsalimia.

Na hawezi kukaa kimya. Uani wameanza kuimba. Mmoja alianzisha kwa utani, wengine wakadakia, na Erasto mwenyewe anaitikia kuliko wote: "Leteni kuni, jiko limelala! Leteni kuni, jiko limelala!"

Tusekile akalibeba kombe kwa mkono mmoja na kigoda kwa mkono mwingine, akausukuma mlango kwa bega. Wimbo ukakatika. Fundi akasimama na patasi yake. Nyuma yake Tusekile alimsikia Desderi akikohoa kile kikohozi chake kisicho na sauti, na Hidaya akifuta miwani kwa mtandio, akiifuta na kuifuta, kana kwamba safari hii alitaka kuona. Watu wote walimtazama yeye. Hapakuwa na upande wa kugeukia.

Mimi nimemfikisha mlangoni, zaidi ya hapo siwezi. Mdomo ameshaufungua, na jina litakalotoka nimewaachia ninyi. Nani alale na kombe la Ludengwa: aliyeona, aliyeimba, au aliyefundisha? Na wewe unayenikodolea macho hapo mbele, usigeuke kutazama ng'ombe. Kama mlango ungekuwa wako, ungemtaja nani?

Sema upesi. Pilau linapoa.