Mfiwa Asiyetakiwa wa Mji wa Kikomo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Sogezeni kuni. Na wewe uliyejifunika shuka mpaka puani, toa masikio nje. Hadithi haipitii puani.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanaitikiana salamu, palikuwa na mji ukiitwa Kikomo. Uliitwa hivyo kwa sababu njia ilikomea hapo. Nyuma yake ilikuwa nchi ya watu, yenye mashamba na majogoo. Mbele yake ilikuwa nyika ya wanyama, na aliyeingia huko alitoka mwenyeji wake alipopenda, au hakutoka kabisa.

Kabla haujawa mji, hapo alikuwapo mtu mmoja tu, kinyozi, jina lake Mwinchande. Alikuwa ameondoka kwao na wembe, kigoda na bakuli la maji, akitafuta mahali pasipo na kinyozi mwingine. Alitembea, akatembea, akatembea, mpaka njia ikaisha. Akaweka kigoda chini.

Wapita njia wakamwuliza, "Bwana we, hapa utamnyoa nani?"

"Mwenye nywele."

"Wenye nywele wa huku wana meno!"

"Basi mimi nitachukua nywele. Meno nitawaachia wenyewe."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Simba. Alikuja ananguruma, manyoya ya shingo yamejaa mbigili, hajalala kwa kuwashwa. Mwinchande akachovya wembe majini, mkono wake umetulia.

"Karibu, bwana mkubwa. Keti. Inama. Na usijitikise, maana wembe hauna adabu, haulijui sikio la mfalme."

Simba akaketi, akainama, akatulia tuli. Mwinchande akamtoa mbigili mojamoja, akampunguza huku, akamsawazisha kule. Alipomaliza, Simba akajitazama kwenye bakuli la maji.

"Kumbe mimi bado kijana!" akasema. Akaondoka anatembea kwa madaha, anapita mahali pamoja mara mbili mbili ili aonekane.

Nanyi mwajua walimwengu: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho yake Chui alifika kichwa kimeshalowa. Nyani akaja na ukoo wake mzima na kelele zao. Watu nao waliposikia kuna mahali ambapo simba huinama, walikuja kutazama. Wakatazama, wakanyolewa, wakajenga. Mji ukawa mji. Sheria yake kubwa ikawa moja: penye kigoda cha Mwinchande, hakuna kung'atana.

Mwenyewe alitembea na kichaka kichwani, kwa kuwa kinyozi hajinyoi. Mkewe, Bi Siwema, alikuwa akisema, "Wanawake wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na kichuguu chenye miguu."

Basi siku moja Jumbe Mngoya, mkuu wa mji, alikuwa ameketi kigodani. Nusu ya kichwa ilikwisha kunyolewa, inang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Nusu nyingine bado. Mara watu wakaja mbio, wanamkokota Fisi kwa kamba.

"Jumbe! Mbuzi wako mweupe haonekani! Fisi kamla!"

"Mchomeni mkuki," Jumbe akasema bila kuinua kichwa.

"Sijamla!" Fisi akalia.

"Mchomeni!"

"Sijamla, jamani!"

"Nimesema mcho..."

Mwinchande akaweka wembe chini.

"Mbona umeacha?" Jumbe akauliza.

"Simnyoi mtu anayehukumu huku anatazama vidole vyake vya miguu. Msikilize kwanza."

"Mwinchande, nimalizie kichwa!"

"Msikilize kwanza."

"Nina wageni adhuhuri!"

"Msikilize kwanza."

Jumbe akajipapasa kichwa. Upande mmoja mkono uliteleza, upande mwingine ukanasa. Akaona hana njia. "Haya Fisi, sema, na useme upesi."

"Bwana Jumbe," Fisi akasema, "mimi ni Fisi, siwezi kusimama mbele yako nikasema sipendi mbuzi. Yule aliyepotea mwaka juzi, tusimzungumze. Lakini huyu mweupe nimemwona tu. Yuko juu ya ghala lako."

Wakaenda wote, Jumbe mbele na kichwa chake cha upande mmoja, watoto nyuma wameziba midomo. Kweli, wakamkuta mbuzi juu ya ghala. Alikuwa ametoboa paa na kula mtama mpaka tumbo likamnasa tunduni.

"Karibuni," mbuzi akasema, anatafuna.

Fisi akafunguliwa kamba. Hakuna aliyemwomba radhi ila Mwinchande, ambaye hakuwa amemkosea. Tangu hapo kila jioni Fisi alikuja kibandani kwa kinyozi, akafagia nywele zilizoanguka kwa mkia wake, akaketi mlangoni kuzungumza. Watu waliziba pua wakapita mbali. Mwinchande hakuziba pua. Alisema, "Mwenye kunuka anajua ananuka. Hana haja ya kuambiwa kila siku."

Miaka ikaenda. Mwinchande akazeeka, na ule mkono uliokuwa umetulia mbele ya Simba ukaanza kutetemeka. Akikunyoa, unaondoka na mkato sikioni. Nani alilalamika? Hakuna. Mjini Kikomo mtu asiye na kovu sikioni alijulikana ni mgeni.

Alikufa mchana kweupe, ameketi kwenye kigoda chake. Wakati huo alikuwa na Kobe. Kobe hana unywele hata mmoja, lakini alikuja mara kwa mara kwa ajili ya maneno tu. Alikuwa amemwuliza, "Mzee Mwinchande, kati ya jana na leo, ipi ndefu?" Mwinchande akatabasamu, akafumba macho. Kobe akasubiri jibu. Adhuhuri ikapita, akasubiri. Alasiri ikafika, akasubiri. Bi Siwema alipoleta uji ndipo akapiga ukelele.

"Kobe! Mbona hukuita mtu?"

"Nilidhani anafikiri," Kobe akasema, na machozi yakaanza kumtoka, polepole, moja baada ya jingine.

Kesho yake mji ukajaa. Simba alikuja, akalia hadi vyungu vikapasuka. Nyani walikuja, na kwa mara ya kwanza wakanyamaza. Jumbe Mngoya alivua kofia bila kuambiwa. Kisha akaja Fisi, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Fisi alikuwa analia, lakini alikuwa analia kwa mdomo. Ute ulimchuruzika mpaka kifuani.

"Mtazameni! Anamtamani maiti!"

"Simtamani," Fisi akasema. "Ndivyo nilivyoumbwa. Nikihuzunika unanitoka, nikifurahi unanitoka. Niacheni nimbebe pamoja nanyi."

"Toka!" wakamrushia mawe.

Makaburini akaja tena. "Niacheni nitie udongo kidogo tu."

"Toka!"

"Basi nikae pale kwenye kichuguu, nitazame."

"Toka!" Jumbe akasema. Lakini Bi Siwema akainua macho. "Mwacheni akae kichuguuni. Kutazama hakumli mtu."

Wakamzika Mwinchande. Watu wakarudi mjini kula wali wa msibani, maana hata huzuni hutaka kitu tumboni. Kaburi likabaki peke yake na udongo wake mbichi, na Fisi kichuguuni.

Jua lilipoelekea kuzama, nyasi zikatikisika. Wakatoka fisi wa nyikani, kundi zima, mbele yao mjomba wake, Fisi Kongwe mwenye jicho moja.

"Mpwa wangu, hongera!" akasema. "Umetulindia chakula mpaka wenye nacho wameondoka. Hayo ndiyo malezi mema."

"Mjomba, huyu si chakula. Huyu ni Mwinchande."

"Kila chakula kina jina. Ukishamla, jina linaondoka."

Hapo tumbo la Fisi, ambalo halikuwa limeona kitu tangu juzi, likajitia katika mazungumzo. "Fisi," likasema, "mjomba ana hoja."

"Nyamaza."

"Kidogo tu. Unyayo tu."

"Nyamaza!"

"Yeye mwenyewe angekuambia kula, mtu mkarimu vile."

Fisi akasimama. Kama mlivyopata kumwona mwenye njaa, ndivyo alivyokuwa. Akashuka kichuguuni, akatembea mpaka kaburini, na kundi zima likacheka kwa furaha. Akapanda juu ya udongo, akawageukia, akaonyesha meno.

"Anayemtaka," akasema, "aanze na mimi."

Wakaanza na yeye. Lo! Vumbi, kelele, manyoya! Alimng'ata huyu, akamparura yule, akang'atwa sikio likabaki likining'inia. Kila walipomwangusha aliangukia kaburini, akalikumbatia, akainuka tena. Mjini watu wakasikia vishindo, vijiko vikasimama hewani.

"Si niliwaambia!" Jumbe akapaza sauti. Akachukua mkuki, watu wakamfuata mbio, na Bi Siwema nyuma yao.

Kundi liliposikia miguu ya watu likatoweka nyasini. Watu walipofika, walimkuta Fisi mmoja tu, juu ya kaburi, damu mdomoni na udongo kwenye makucha. Jumbe akainua mkuki.

"Ngoja!" sauti ikasema chini ya miguu yao.

Alikuwa Kobe. Aliondoka mazikoni pamoja na wenzake, ila alikuwa hajafika mbali. Hatua chache tu kutoka kaburini.

"Mimi..." Kobe akasema, "nimeona..."

"Umeona nini? Sema!"

"...tangu mwanzo... Walikuja... wengi..."

Mkono wa Jumbe ukaanza kuuma, mkuki ungali juu. "Kobe, kwa jina la mama yako!"

"...Huyu... amewakataza... wote... peke yake."

Bi Siwema akapiga magoti, akalipapasa kaburi pande zote. Halikuchimbwa hata kidole. Alama za makucha zilizolizunguka zilikuwa za kundi zima. Akamtazama Fisi, naye Fisi alikuwa anatazama chini, kama vile amekamatwa na kosa.

"Umekula leo?" akamwuliza.

"Hapana, mama."

"Twende nyumbani."

Jumbe akashusha mkuki.

Fisi akala wali wa msibani. Na hapo, jamani, sitawadanganya kwamba alikula kwa adabu. Alimeza hadi ukoko.

Desturi ya Kikomo ilikuwa kwamba siku ya kuvunja matanga, watoto wa marehemu hunyolewa. Siku ilipofika, wana wa Mwinchande wakaketi mkekani, na mji mzima ukatazamana. Wote walijua kunyolewa. Hakuna aliyejua kunyoa. Bi Siwema, ambaye alikuwa hajapata kushika wembe maisha yake yote, akauchukua. Akawanyoa wanawe mmoja baada ya mwingine, na wakatoka hapo kama mashamba yaliyoingiliwa na nguruwe.

Akasuuza wembe, akasema, "Bado mmoja." Akamtazama Fisi.

Fisi akageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

"Ni wewe," Bi Siwema akasema. "Njoo."

"Bi Siwema!" watu wakanong'ona. "Huyo ni fisi!"

"Nina macho. Ndiyo maana nataka maji mengi."

Kisha Jumbe Mngoya akasimama. Akaweka fimbo chini, akajaza bakuli maji, akaja kupiga magoti kando ya mkeka, akalishika bakuli kwa mikono miwili. Fisi akaketi kati ya wana wa Mwinchande, akainama, na Bi Siwema akamnyoa mbele ya watu na wanyama. Alimnyoa vibaya: hapa kipara, hapa kishungi, mgongoni mistari isiyofuatana.

Manyoya yake hayajakaa sawa mpaka leo. Nanyi mkimwona anapita, msimcheke. Mpeni pole, amefiwa.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Anayeitaka aiamshe kwao.